Valvu ya Chuma au ya Mnyama: Umri Peke Yake Hautoshi Kuamua

Mgonjwa akishaambiwa kwamba valvu ya moyo wake imeharibika kiasi cha kutotengenezeka, na kwamba lazima itolewe na kuwekwa nyingine, linabaki swali moja: iwekwe ya chuma au ya mnyama? Mara nyingi jibu huja haraka, tena kwa kigezo kimoja tu. Kijana huwekewa ya chuma kwa kuwa inadumu. Mzee huwekewa ya mnyama kwa kuwa haimfungi na dawa za maisha. Kanuni hiyo ina msingi wa kisayansi na imewafaa watu wengi. Tatizo ni kwamba ilitokana na wagonjwa wasiofanana na wengi wa wale wanaopasuliwa moyo Afrika Mashariki, na ikifuatwa kwa mazoea inaweza kumpa binti wa miaka 20 kifaa kizuri ambacho mazingira yake hayawezi kukihudumia. Kabla ya umri, yapo mambo mawili ya kuulizwa. Baada ya upasuaji, damu ya mgonjwa huyu itapimwa wapi, na nani, mwezi hadi mwezi kwa maisha yake yote? Na kama ni mwanamke, anatarajia kuzaa?

Ili uzito wa maswali hayo uonekane, ni vizuri kufahamu vifaa vyenyewe. Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara laki moja kwa siku, na kila pigo huzifungua na kuzifunga valvu nne zinazohakikisha damu hairudi ilikotoka. Zinazoharibika zaidi ni mbili za upande wa kushoto: ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini, na ya aota, iliyo kwenye mlango wa mshipa mkuu unaosambaza damu mwilini. Mwaka 1960, huko Portland, Marekani, daktari wa upasuaji Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walifanikiwa kuiondoa valvu ya mitrali na kuweka ya bandia, iliyokuwa na gololi inayopanda na kushuka ndani ya kizimba. Valvu za chuma za leo zimetokana na umbo lililoanza kutumika mwaka 1977: pete yenye vijibao viwili vya nusu duara vinavyofunguka kama mlango wa mbao mbili. Tunaiita ya chuma kwa mazoea tu, kwani vijibao hivyo ni vya kaboni ngumu na laini, na pete imezungushiwa kitambaa cha poliesta ambacho ndicho daktari anakishona kwenye moyo. Katika chumba kilicho kimya, mwenye valvu hiyo husikia mlio mdogo kila vijibao vinapofunga, na aliyeketi karibu naye huweza kuusikia pia.

Valvu ya mnyama huundwa kwa njia tofauti kabisa. Huchukuliwa valvu ya nguruwe, au utando unaofunika moyo wa ng'ombe, ambao hukatwa vipande vitatu na kushonwa kwenye fremu ndogo iliyovikwa kitambaa. Tishu hiyo hulowekwa kwenye dawa iitwayo glutaraldehidi ili isioze na ili mwili usiikatae, mbinu iliyoasisiwa na Alain Carpentier jijini Paris miaka ya 1960. Damu huipokea vizuri kwa sababu inapita juu ya tishu laini iliyo na umbo la valvu ya asili, na baada ya miezi michache ya mwanzo wagonjwa wengi hawahitaji dawa kali ya kuzuia damu kuganda, isipokuwa kama wana sababu nyingine, hasa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Kila moja ina kasoro yake, na kasoro hizo haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja kirahisi. Valvu ya chuma haichakai. Inaweza kudumu kuliko mgonjwa mwenyewe. Lakini damu ikigusa kitu kigeni hutaka kuganda, na bonge dogo likinasa kwenye vijibao valvu hukwama, au bonge hilo husafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kwa hiyo mwenye valvu hiyo hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku mpaka mwisho wa maisha. Valvu ya mnyama haimdai hayo, ila hukakamaa taratibu kwa kujaa chokaa, au huchanika. Kwa mtu wa miaka 70 inaweza kufanya kazi miaka 15 au zaidi. Kwa kijana mwili hujenga chokaa upesi, na valvu hiyo hiyo inaweza kuchoka kabla ya miaka 10. Hapo upasuaji wa pili haukwepeki.

Kanuni ya umri ilipatikana kwa kulinganisha makundi ya wagonjwa kwa miaka mingi. Huko Edinburgh, Uskoti, wagonjwa walioingizwa kwenye utafiti kati ya 1975 na 1979 walifuatiliwa kwa miaka 20. Waliowekewa chuma walitokwa damu zaidi, na waliowekewa za mnyama walirudi zaidi kwenye chumba cha upasuaji. Hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zilifuatilia wanaume 575, na baada ya miaka 15 wale waliobadilishiwa valvu ya aota kwa chuma walikuwa wamefariki wachache zaidi, asilimia 66 dhidi ya 79 ya wenye valvu za mnyama. Utafiti mkubwa wa California uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa valvu ya aota, faida ya chuma katika kurefusha maisha hufikia umri wa takriban miaka 55, na kwa mitrali hufikia miaka 70. Kwa wenye miaka 40 hadi 49 waliobadilishiwa mitrali, vifo katika miaka 15 vilikuwa asilimia 27.1 kwa chuma na 44.1 kwa mnyama. Tofauti hiyo ni kubwa, na mwandishi anayetaka kuipunguzia kanuni ya umri nguvu hana budi kuitazama usoni.

Naitazama hivi. Utafiti wa wanajeshi ulikuwa wa wanaume watupu. Ule wa California ulianza kuhesabu wagonjwa wa mitrali kuanzia miaka 40, na wa aota kuanzia 45. Pia, wagonjwa wa California hawakupangiwa valvu kwa kura. Daktari na mgonjwa walichagua, na huenda waliopewa za mnyama walikuwa dhaifu zaidi tangu mwanzo, ingawa watafiti walijitahidi kurekebisha hesabu kwa hilo. Muhimu zaidi, wagonjwa wa tafiti hizi zote waliishi mahali ambapo kupima damu ni jambo la kupita maabara ukielekea kazini. Matokeo hayo yanatuambia ukweli kuhusu valvu ya chuma iliyo na huduma kamili nyuma yake. Hayatuambii lolote kuhusu valvu hiyo hiyo ndani ya kifua cha msichana anayeishi mwendo wa saa nyingi kutoka maabara inayopima INR, kipimo cha kuganda kwa damu.

Na huyo msichana ndiye mgonjwa wetu wa kawaida. Katika nchi tajiri, valvu nyingi hubadilishwa kwa sababu ya uzee. Kwetu chanzo kikuu bado ni ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi: mtoto anaugua koo kwa bakteria wa streptokoki, hatibiwi ipasavyo, na kinga ya mwili wake inaishia kushambulia valvu za moyo. Utafiti uitwao REMEDY uliandikisha wagonjwa 3,343 wa maradhi haya katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda. Umri wa kati ulikuwa miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Kati ya waliokuwa wakitumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ni asilimia 28.3 tu ambao kipimo chao kilikuwa kwenye kiwango kinachotakiwa. Kwa maneno mengine, karibu watatu kati ya wanne walikuwa ama na damu nyepesi mno, wakingoja kutokwa damu, ama nzito mno, wakingoja bonge.

Si uzembe wa wagonjwa. Warfarini ni dawa ngumu kuiishi. Ilianza mwaka 1948 kama sumu ya panya, na kilichoigeuza kuwa tiba ni upimaji. Kipimo chenyewe, INR, huwa karibu na 1 kwa mtu asiyetumia dawa. Mwenye valvu ya chuma upande wa mitrali hutakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Akishuka chini ya hapo valvu iko hatarini. Akivuka 5, fizi, tumbo au ubongo vinaweza kuvuja damu. Dozi haifanani kati ya mtu na mtu: mmoja atakaa sawa kwa nusu kidonge cha miligramu 5, mwingine kwa viwili. Mwezi wa kwanza hupimwa mara kwa mara, kisha akitulia hupimwa kila baada ya wiki nne au zaidi. Nguvu ya dawa pia hubadilika kwa chakula. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K kwa wingi, ambayo huipinga warfarini. Mgonjwa hakatazwi kula mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, agizo ambalo ni gumu kwa familia inayokula mboga za majani kila siku msimu wa mvua na maharage msimu wa kiangazi.

Dawa nyingine huzidisha ugumu, na zile za hatari zaidi ni zile zinazopatikana kila duka la dawa. Metronidazo kwa tumbo la kuhara na Septrini huiongezea warfarini nguvu. Diklofenaki kwa maumivu ya mgongo huongeza hatari ya vidonda vya tumbo kuvuja damu. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hufanya kinyume: huivunja warfarini upesi hadi dozi ilazimike kupandishwa sana, na mgonjwa akimaliza tiba ya kifua kikuu bila dozi hiyo kushushwa, anabaki na sumu mwilini. Muuzaji wa duka hana namna ya kujua haya kama mteja hajamwambia kwamba ana valvu.

Kisha kuna uzazi. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ikitumiwa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito inaweza kuharibu uumbaji wa pua na mifupa, na baadaye inaweza kumfanya atokwe damu kichwani. Heparini, ambayo ni sindano, haimfikii mtoto, lakini inailinda valvu ya mama kwa kiwango kidogo zaidi. Miongozo ya kitaalamu huruhusu wanaotumia miligramu 5 au chini kwa siku waendelee nayo kwa uangalizi wa karibu na kuhamia heparini kabla ya kujifungua. Hata katika hospitali zinazoweza kufuata utaratibu huo, hatari ni kubwa. Rejista ya kimataifa iitwayo ROPAC ilionyesha kwamba wanawake wenye valvu za chuma waliomaliza ujauzito wakiwa na mtoto hai na bila tatizo kubwa walikuwa asilimia 58. Kwa wenye valvu za mnyama walikuwa asilimia 79, karibu sawa na wenye ugonjwa wa moyo wasio na valvu ya bandia. Karibu mwanamke mmoja kati ya 20 wenye chuma aliganda damu kwenye valvu yake wakati wa ujauzito. Kumwambia binti kwamba asizae ni rahisi ndani ya chumba cha daktari. Katika jamii ambayo ndoa na heshima ya mwanamke bado vinafungwa na uzazi, wengi watabeba mimba kimyakimya, na baadhi wataacha dawa wenyewe kwa kumhofia mtoto. REMEDY iligundua kwamba kati ya wanawake 1,825 wa umri wa kuzaa, waliotumia uzazi wa mpango walikuwa asilimia 3.6 tu.

Pingamizi zito dhidi ya valvu ya mnyama kwa kijana ni upasuaji wa pili. Makovu ya mara ya kwanza hugandisha moyo kwenye mfupa wa kifua, kwa hiyo kufungua tena kuna hatari kubwa zaidi, na katika nchi zenye vituo vichache vya upasuaji wa moyo foleni ni ndefu. Binti aliyebahatika kupasuliwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, au Mulago kwa Taasisi ya Moyo ya Uganda, au Tenwek huko Bomet, ana uhakika gani wa kupata nafasi tena baada ya miaka 9? Pingamizi hili ni la kweli na lazima lihesabiwe. Hata hivyo, tuangalie jinsi kila valvu inavyofeli. Ya mnyama kwa kawaida hufeli polepole: mgonjwa huanza kuchoka akipanda ngazi, kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huonyesha tishu imekakamaa, na kuna miezi, wakati mwingine miaka, ya kupanga upasuaji kabla hajadhoofika. Ya chuma ikiganda hufeli ghafla. Mtu aliyelala mzima huamka akikosa pumzi, na asipofika kwa haraka kwenye hospitali inayoweza kuyeyusha bonge au kufungua kifua, haponi. Mfumo dhaifu wa afya unaweza kuimudu dharura inayotoa taarifa mapema kuliko isiyobisha hodi. Upo pia mpango ambao madaktari wengi huupendekeza kwa wasichana: valvu ya mnyama kwanza, wazae katika miaka inayofuata, kisha ikichoka iwekwe ya chuma. Mpango huo haumfai asiyeweza kuhudhuria kliniki ya eko kila mwaka, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo wazi kabla ya kukubali.

Wengine watasema tusubiri dawa mpya zisizohitaji kipimo, zile ambazo tayari zimechukua nafasi ya warfarini kwa wagonjwa wengi. Zimejaribiwa kwa valvu za chuma na zimeshindwa. Jaribio la dabigatrani lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013: wagonjwa waliganda damu zaidi na kutokwa damu zaidi. Jaribio la apiksabani kwa aina moja ya valvu ya aota nalo lilisimamishwa mwaka 2022 kwa sababu ya kuganda kwa damu. Kwa sasa, anayechagua chuma anachagua warfarini.

Pingamizi la imani nalo lisipuuzwe wala lisifichwe. Muislamu anayo haki ya kujua kama tishu itakayowekwa kifuani mwake ni ya nguruwe, na Mhindu kujua kama ni ya ng'ombe. Valvu za utando wa ng'ombe zinapatikana, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaruhusu hata ya nguruwe pale penye dharura na pasipo na mbadala. Kumficha mgonjwa ili "asisumbuke" ni kumnyima uamuzi ulio wake.

Haya yote hayamaanishi kwamba chuma hakifai kwetu. Mwanamume wa miaka 35 anayeishi karibu na kliniki ya INR, mwenye nidhamu ya dawa na kazi isiyomwumiza mara kwa mara, atafanya vizuri akiwekewa chuma, na takwimu za California zinamhusu kuliko zinavyomhusu binti wa kijijini. Mwanamke aliyemaliza kuzaa yuko karibu naye. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, ambaye atahitaji warfarini kwa vyovyote, hapungukiwi mzigo akichagua ya mnyama. Tena kabla ya chaguo lolote, ipo njia bora zaidi pale inapowezekana, nayo ni kuitengeneza valvu ya asili. Mitrali iliyosinyaa inaweza kupanuliwa kwa puto linaloingizwa kupitia mshipa wa paja, na inayovuja inaweza kushonwa na kuwekewa pete na daktari mwenye uzoefu. Na kabla ya yote hayo ipo sindano ya penisilini ya kila wiki nne. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda kwa watoto na vijana 818 waliogunduliwa na dalili za awali ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano hizo, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Kwa hiyo gharama ya valvu ya chuma haishii kwenye bei yake. Inajumuisha mashine ndogo ya kupima INR kwa tone la damu la kidoleni, vijiti vyake visivyokatika, muuguzi aliyefundishwa kurekebisha dozi, na warfarini isiyoadimika kwenye bohari ya dawa. Wahisani wakileta valvu na timu ya upasuaji, na serikali ikigharamia chumba cha upasuaji, huku hospitali ya wilaya anakorudi mgonjwa haina kipimo, kazi imefanywa nusu. Mgonjwa naye ana haki ya kutotia saini fomu mpaka ajibiwe: je, valvu yangu haiwezi kutengenezwa? Nikiwekewa chuma, nitapimwa INR wapi na kwa bei gani? Nikiwekewa ya mnyama, nani atanifanyia eko kila mwaka, na upasuaji wa pili ukihitajika nitaupata wapi? Nikitaka mtoto, tutafanyaje? Akishapata majibu hayo, umri wake uingie kwenye hesabu pamoja na mengine, kwa uzito unaoustahili.